Mguu wa bandia uliopandikizwa mfupani: Hali ikoje miaka 15 baadaye?

Na Mwandishi Wetu

MTU aliyekatwa mguu juu ya goti huianza siku yake kwa kazi ambayo wengine hawaijui. Kabla ya kushuka kitandani hukikagua kigutu chake: kama kimevimba, kama kimechubuka, kama kidonda cha jana kimekauka. Kisha hukiingiza katika soketi, yaani kikombe kigumu kinachoushikilia mguu wa bandia, na kuomba kimfikishe hadi jioni bila maumivu.

Tangu mwaka 1990 imekuwapo njia nyingine. Badala ya kukivalisha kigutu soketi, madaktari hupandikiza chuma ndani ya mfupa wa paja, na mguu wa bandia hufungwa moja kwa moja kwenye sehemu ya chuma hicho inayotokeza nje ya ngozi. Kitaalamu njia hiyo huitwa oseointegresheni, maana yake kushikamana kwa mfupa ulio hai na kitu kilichopandikizwa ndani yake.

Picha za watu waliofanyiwa operesheni hiyo huvutia sana. Lakini picha hupigwa siku moja, ilhali mguu ni wa maisha yote. Swali linalomhusu mgonjwa na familia yake ni hili: baada ya miaka mitano, 10 au 15, mtu huyo huwa katika hali gani?

Majibu yameanza kupatikana, hasa kutoka Sweden ambako njia hii ilianzia na ambako wagonjwa wamefuatiliwa kwa muda mrefu. Majibu hayo yanasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, wengi hutembea vizuri zaidi na huuvaa mguu wao kwa saa nyingi zaidi kuliko walipokuwa na soketi. La pili, hatari haiishi siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, bali hujilimbikiza polepole kadiri miaka inavyopita.

Tatizo la soketi

Soketi ndiyo njia inayotumika katika karakana nyingi za viungo bandia duniani, zikiwamo za hapa nchini. Mafundi wake wamekuwa wakifundishwa katika chuo cha TATCOT kilichopo Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambacho kilianzishwa mwaka 1981 na kimepokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Soketi iliyotengenezwa vizuri huwafaa watu wengi. Haihitaji operesheni, hutengenezeka upya kigutu kinapobadilika umbo, na ikimuudhi mtu huivua na kuiweka kando.

Hata hivyo, soketi huutaka mwili ufanye kazi usiyoumbiwa. Ngozi na nyama laini za paja, ambazo hazikukusudiwa kubeba uzito wa mtu mzima, hubanwa na kusuguliwa kwa kila hatua. Kigutu hupungua na kuongezeka unene kwa siku hiyo hiyo moja, na soketi iliyokaa sawasawa asubuhi huweza kulegea au kubana ifikapo alasiri.

Mwaka 2001 watafiti wa Sweden, Kerstin Hagberg na Rickard Brånemark, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusu watu 97 waliokatwa mguu juu ya goti kwa sababu zisizotokana na maradhi ya mishipa ya damu. Asilimia 72 walilalamikia joto na jasho ndani ya soketi, asilimia 62 walikuwa na vidonda au ngozi iliyowashwa na kuchubuka, na asilimia 61 walishindwa kutembea msituni na mashambani.

Ikumbukwe kuwa hao waliishi katika nchi ya baridi. Msomaji anaweza kukisia hali inavyokuwa kwa anayevaa soketi mwezi wa Februari katika mji wa pwani.

Ugunduzi uliotokana na sungura

Asili ya njia mpya ni ugunduzi ambao haukutafutwa. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alitumia vifaa vidogo vya titani alivyovipachika mfupani. Utafiti ulipokwisha alitaka kuvitoa, akakuta havitoki: mfupa ulikuwa umeota na kushikamana navyo kabisa.

Badala ya kulichukulia jambo hilo kuwa hasara, Brånemark aliona ndani yake uwezekano wa tiba. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimpandikizia mgonjwa wa kwanza mizizi ya titani ya kushikilia meno ya bandia. Leo njia hiyo ni ya kawaida kwa madaktari wa meno ulimwenguni kote. Brånemark alifariki dunia mwaka 2014.

Hatua ya kutoka kwenye jino hadi kwenye paja ilichukua miaka 25. Mwaka 1990, katika mji huo huo wa Gothenburg, mwanamke kijana aliyekuwa amepoteza miguu yote miwili juu ya magoti alikuwa wa kwanza kupandikizwa chuma cha aina hiyo katika mifupa ya mapaja. Kazi hiyo baadaye iliendelezwa na Rickard Brånemark, mtoto wa mgunduzi, ambaye ni daktari wa upasuaji wa mifupa.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya majaribio, na vipandikizi vingi vilishindwa. Mwaka 1999 ndipo ulipowekwa utaratibu rasmi wa operesheni na mazoezi, unaojulikana kwa jina la OPRA. Mwaka huo huo Ujerumani ilianza njia yake katika mji wa Lübeck, na baadaye zikafuata Uholanzi katika mji wa Nijmegen, na Australia katika mji wa Sydney.

Operesheni inavyofanyika

Katika utaratibu wa Sweden, operesheni hufanywa mara mbili. Mara ya kwanza daktari huingiza ndani ya uwazi wa mfupa wa paja skrubu ya titani yenye urefu wa sentimita nane hivi, kisha hufunga jeraha. Mgonjwa husubiri kwa miezi, kwa kawaida kama sita, ili mfupa ushikamane na chuma.

Mara ya pili jeraha hufunguliwa, ngozi ya mwisho wa kigutu hupunguzwa unene na kulazwa juu ya ncha ya mfupa, na kipande cha pili cha chuma hufungwa kwenye skrubu na kutokezwa nje. Kipande hicho, ambacho katika makala haya tutakiita kiunganishi, ndicho kinachobeba mguu wa bandia.

Mgonjwa hasimami siku hiyo hiyo. Hupewa kwanza mguu mfupi wa mazoezi, akaukanyagisha juu ya mizani ya kupimia uzito. Huanza na kilo 20 na kuongeza kidogo kidogo kila wiki, ili mfupa ujifunze upya kubeba mzigo. Kutoka operesheni ya kwanza hadi kutembea kikamilifu, mwaka mmoja au zaidi huweza kupita.

Njia za Ujerumani, Uholanzi na Australia ni tofauti kidogo. Kipandikizi chake si skrubu bali ni mhimili mrefu wenye uso wa kukwaruza, unaogongwa ndani ya mfupa hadi ukakaza. Mazoezi huanza mapema zaidi, na tangu miaka ya 2010 baadhi ya hospitali humaliza kazi yote katika operesheni moja. Kwa kuwa vifaa na taratibu ni tofauti, takwimu za njia moja hazipaswi kuhamishiwa nyingine bila uangalifu.

Wanachopata waliofanyiwa

Faida ya kwanza ni kwamba mguu haufyatuki wala haulegei. Mguu wa bandia huvaliwa na kuvuliwa kwa sekunde chache, na daima hukaa mahali pale pale. Mtu huweza kuketi kwenye kiti bila ukingo wa soketi kumchoma kinenani, na nyonga yake hukunjuka na kukunjika kwa uhuru.

Nyingine, ambayo wagonjwa huitaja mara nyingi, ni hisia. Mtikisiko wa ardhi hupanda kupitia chuma hadi mfupani, na mtu huweza kutambua kama amekanyaga zulia, kokoto au sakafu tupu. Si hisia ya ngozi, lakini humsaidia kujua mguu uko wapi bila kuutazama.

Vipimo vinathibitisha hayo. Mwaka 2013 watafiti wa Nijmegen walichapisha matokeo ya wagonjwa 22 waliopimwa walipokuwa na soketi, kisha wakapimwa tena mwaka mmoja baada ya kupandikizwa. Muda wa kuvaa mguu ulipanda kutoka wastani wa saa 56 hadi saa 101 kwa wiki. Umbali waliotembea kwa dakika sita uliongezeka kutoka meta 321 hadi meta 423.

Aidha, oksijeni waliyoitumia wakati wa kutembea ilipungua kwa karibu asilimia 18. Maana yake ni kwamba kazi ile ile ya kutembea iliwachosha kidogo zaidi hapo awali kuliko sasa. Kwa mtu ambaye kila hatua humgharimu nguvu nyingi kuliko mwenye miguu miwili, hilo si jambo dogo.

Ni vyema kukumbuka, hata hivyo, kwamba wengi wa watu hao walichaguliwa kwa sababu soketi iliwasumbua. Walilinganishwa na hali yao wenyewe ya awali, si na kundi jingine la watu wanaotumia soketi nzuri bila matatizo. Kwa hiyo matokeo hayo hayasemi kwamba kila aliyekatwa mguu angefaidika kwa kiwango hicho.

Tundu lisilofungika

Kiini cha tatizo la njia hii ni sehemu ndogo, pale chuma kinapopita katikati ya ngozi. Mfupa hushikamana na titani, lakini ngozi haishikamani nayo kwa namna ya kuziba kabisa. Tundu hilo hubaki wazi maisha yote, na bakteria waishio juu ya ngozi hawakosi kulikaribia.

Kuwapo kwa bakteria pekee si ugonjwa. Majimaji kidogo kutoka kwenye tundu ni jambo la kawaida, na wakati mwingine nyama nyekundu huota kulizunguka. Dalili za uambukizo ni wekundu unaoenea, joto, maumivu yanayoongezeka na usaha.

Uambukizo wa juu juu ndilo tatizo linalotokea mara nyingi zaidi. Katika utafiti wa OPRA uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa 51 wenye vipandikizi 55 walifuatiliwa kwa miaka mitano. Kati yao, 34 walipata jumla ya maambukizi 70 ya aina hiyo. Yalitibiwa kwa viuavijasumu vya kumeza.

Hivyo theluthi mbili ya wagonjwa walipata uambukizo angalau mara moja. Kwa anayeishi karibu na hospitali na duka la dawa, hilo ni usumbufu. Kwa anayeishi mbali nazo, uambukizo mdogo uliocheleweshwa huweza kuwa mkubwa.

Uambukizo unapofika mfupani

Jambo linalohofiwa zaidi ni bakteria kushuka kandokando ya chuma hadi ndani ya mfupa. Katika utafiti huo wa miaka mitano, wagonjwa 11 walipata maambukizi 14 ya ndani. Wengi walitibiwa bila kuondolewa kipandikizi.

Picha ya muda mrefu zaidi ilitolewa mwaka 2017 na Jonatan Tillander na wenzake wa Gothenburg. Waliwachunguza wagonjwa 96 wenye vipandikizi 102 waliotibiwa kati ya mwaka 1990 na 2010. Wagonjwa 16 waligunduliwa kuwa na uambukizo wa mfupa. Kwa hesabu ya watafiti hao, uwezekano wa kuupata ndani ya miaka 10 ulikuwa asilimia 20, na uwezekano wa kuondolewa kipandikizi kwa sababu hiyo ulikuwa asilimia tisa.

Kwa maneno mengine, katika kila watu 10, wawili hupata uambukizo wa mfupa katika muda wa miaka 10, na karibu mmoja hupoteza kipandikizi kwa ajili yake. Baadhi ya maambukizi hayo hutokea miezi michache tu baada ya operesheni, lakini mengine hujitokeza baada ya zaidi ya miaka 10 ya kutembea bila tatizo.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mgonjwa aliyemaliza mwaka wa kwanza salama ana sababu ya kufurahi, lakini hana sababu ya kuacha kwenda kliniki.

Vyuma hupinda na kuvunjika

Tatizo jingine ni la kiufundi. Kiunganishi na skrubu inayokishikilia hubeba uzito wa mwili mara maelfu kwa siku, na hatimaye huchoka kama kilivyo chuma chochote. Wahandisi wa kifaa cha Sweden walikusudia sehemu hizo za nje ndizo ziharibike kwanza, ili kipandikizi kilichomo mfupani kisalimike. Hubadilishwa kwa utaratibu usio mkubwa kama operesheni ya awali.

Kwa sababu hiyo hiyo huwekwa kati ya kiunganishi na mguu wa bandia kifaa cha usalama kinachoachia mguu unapopindwa kwa nguvu kupita kiasi, kwa mfano mtu anapoanguka. Bila kifaa hicho, nguvu yote ya anguko ingeishia mfupani, na mfupa huweza kuvunjika karibu na chuma. Ukivunjika hutibiwa kwa upasuaji, na mara nyingi kipandikizi hubakizwa.

Marekebisho ya vyuma si jambo la nadra. Kati ya wagonjwa 111 waliofuatiliwa mjini Gothenburg, asilimia 55 walipata hitilafu iliyolazimu kubadilishwa kwa kiunganishi, au kiunganishi pamoja na skrubu yake. Kadiri mtu alivyokuwa mchangamfu zaidi katika kutembea, ndivyo vyuma vyake vilivyozidi kuharibika.

Matokeo hayo yana kinaya chake. Anayefaidika zaidi na mguu huu, kwa sababu anautumia zaidi, ndiye pia anayerudi zaidi kwa fundi.

Mfupa wenyewe huwaje?

Mfupa ni kitu hai kinachojijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Mtu anayetumia soketi huubeba uzito wake kupitia nyama za paja na mfupa wa kukalia, hivyo mfupa wa paja uliobaki hupungua nguvu kwa kukosa kazi. Upungufu huo huonekana pia kwenye nyonga ya upande uliokatwa.

Kipandikizi huurudishia mfupa kazi yake, na hiyo ni sababu mojawapo ya madaktari kuwa na matumaini nayo. Lakini mzigo haugawanyiki sawasawa. Chuma kikiubeba uzito katika sehemu moja, mfupa wa sehemu hiyo huweza kukonda, hasa kwenye ncha yake ya chini karibu na ngozi. Ndiyo maana wagonjwa hupigwa picha za eksirei kila baada ya muda, hata wanapojisikia wazima kabisa.

Dalili ambayo haipaswi kupuuzwa ni maumivu yanayokuja mtu anapokanyaga na kutulia anapopumzika. Huweza kuashiria kwamba kipandikizi kimelegea au mfupa umeambukizwa.

Hesabu ya miaka 15

Mwaka 2009 wataalamu wa Gothenburg walitoa taarifa ya wagonjwa 100 wa kwanza waliotibiwa tangu mwaka 1990. Wakati huo 68 walikuwa wakitumia miguu yao. Waliobaki 32 waligawanyika hivi: wanne walikuwa wamefariki dunia, saba walisubiri operesheni ya pili, sita walikuwa mazoezini, wanne hawakuutumia mguu, na 11 walikuwa wameondolewa vipandikizi. Nyingi za kesi zilizoshindwa zilikuwa za kabla ya utaratibu wa mwaka 1999.

Takwimu za baada ya utaratibu huo ni bora zaidi. Katika utafiti wa miaka mitano uliotajwa hapo juu, asilimia 92 ya vipandikizi vilikuwa bado mahali pake. Lakini ni asilimia 45 tu ya kesi ambazo hazikuhitaji marekebisho yoyote katika muda huo.

Tarakimu hizo mbili ni lazima zisomwe pamoja. Anayeambiwa ile ya kwanza peke yake atadhani kazi imekwisha. Anayeambiwa ya pili peke yake atadhani operesheni haifai. Ukweli ni kwamba vipandikizi vingi hudumu, na vingi kati ya vinavyodumu huhitaji kushughulikiwa njiani.

Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 111 waliotibiwa kwa upande mmoja kati ya mwaka 1999 na 2017, ambayo baadhi yao iliwafuata hadi miaka 15. Vipandikizi vilivyokuwa bado mfupani baada ya miaka saba vilikadiriwa kuwa asilimia 89. Baada ya miaka 15 vilikuwa asilimia 72. Waliobaki navyo waliendelea kueleza kwamba wanautumia mguu zaidi, wanatembea vizuri zaidi na wana matatizo machache kuliko walipokuwa na soketi.

Asilimia 72 maana yake ni kwamba, katika kila watu 100, 28 hivi hufikia mwaka wa 15 wakiwa wamekwisha kuondolewa kipandikizi chao, ama kwa kulegea, kuambukizwa au kuharibika. Wagonjwa waliofikisha miaka 15 ni wachache, kwa hiyo makadirio hayo huweza kubadilika kadiri wengine wanavyofika umri huo wa kipandikizi.

Anayeondolewa kipandikizi hupumzishwa hadi mfupa upone. Wengine hupandikizwa upya, na wengine hurudi kwenye soketi ile ile waliyoikimbia.

Nani anafaa?

Si kila aliyekatwa mguu hukubaliwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu matumizi yenye masharti ya kifaa cha OPRA mwaka 2015, na Desemba 2020 ikakipa idhini kamili. Idhini hiyo inawahusu watu wazima waliokatwa mguu juu ya goti kwa sababu ya ajali au saratani, ambao soketi inawasumbua, inatarajiwa kuwasumbua, au hawawezi kabisa kuitumia.

Katika programu ya Sweden, wenye kisukari, wenye maradhi ya mishipa ya damu ya miguu, wanaotumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, wajawazito, waliozidi umri wa miaka 70 na wenye uzito unaozidi kilo 100 hawakuwa wakichukuliwa. Wavuta sigara hushauriwa kuacha. Sababu ni ile ile moja: kila jambo linalopunguza uwezo wa mwili kuponya jeraha au kupigana na bakteria huongeza hatari pale kwenye tundu.

Sharti hilo lina uzito kwa wasomaji wetu. Kisukari ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kukatwa miguu, na wenye ugonjwa huo ndio ambao ushahidi wa njia hii kwao ni mdogo zaidi. Baadhi ya hospitali za nje zimeanza kuwafanyia wagonjwa wachache wa aina hiyo, lakini matokeo mazuri yaliyoelezwa katika makala haya hayakutokana nao.

Maisha ya kila siku

Aliyepandikizwa hulisafisha tundu kila siku kwa maji na sabuni, hulikausha, na kulichunguza kama mwenye soketi anavyokichunguza kigutu chake. Katika utaratibu wa Sweden hushauriwa asikimbie wala kuruka. Kabla ya kulala huuvua mguu, lakini kiunganishi hubaki nacho, kikitokeza mwishoni mwa paja lake. Wengine hulizoea jambo hilo upesi, wengine huchukua muda, na ni vyema likazungumzwa na mwenzi wa ndoa kabla ya operesheni.

Kwa anayefikiria kwenda nje ya nchi kutibiwa, swali la gharama ya operesheni si la mwisho bali ni la kwanza tu. Ni lazima aulize pia: Nani atanitazama nikirudi nyumbani? Kipuri kikivunjika kitatoka wapi, na nani atakifunga? Nikipata homa na maumivu ya paja usiku, ni daktari gani anayekijua kifaa hiki? Kipandikizi kikiondolewa, nitarudi kwenye soketi ya nani?

Na kabla ya maswali hayo kuna moja lililo rahisi zaidi: je, soketi niliyonayo imetengenezwa kwa ubora unaowezekana? Kwa baadhi ya watu, tatizo linaloonekana kudai upasuaji huisha kwa soketi mpya iliyopimwa na fundi mzuri.

Yule ambaye amejaribu soketi baada ya soketi, mwenye afya njema, mwenye hospitali ya kumtazama na aliye tayari kurudi kliniki maisha yake yote, ana sababu za kweli za kuitafuta njia hii. Ushahidi unaonyesha kwamba huenda akatembea mbali zaidi, kwa nguvu kidogo, na akauvaa mguu wake tangu asubuhi hadi usiku. Lakini aingie akijua kwamba anabadilishana tatizo moja kwa jingine: anauacha msuguano wa kila siku, na badala yake anapokea tundu dogo ambalo atalilinda mpaka mwisho wa maisha yake.